Mifuko sitini ya saruji na nyumba ya mawe ya shamba

Swali lenyewe, kwa ufupi: "Shikamoo mzee. Bibi yetu katuachia nyumba ya mawe ya zamani huko shamba, kaskazini ya mji wa Zanzibar, njia ya Bububu. Ina ghorofa moja, ukumbi unaotazama bahari, hamamu (nyumba ya kuogea) iliyobomoka kwa nyuma, na kuta nene kama dhiraa, yaani nusu mita hivi. Juu panavuja, lipu inadondoka, na chini ukuta unatoa magadi. Tumechangishana tukanunua mifuko 60 ya saruji na mabati. Fundi anataka kubandua lipu yote apige ya saruji, kisha avunje dari za boriti amwage zege. Wamekuja watu wa mambo ya kale, wanasema nyumba imehifadhiwa, tusiguse kitu. Sasa nyumba hii ni yetu au ya serikali? Na kuna ubaya gani kuitia nguvu nyumba inayoanguka?"

Marahaba, mwanangu. Poleni kwa kufiwa na bibi.

Nianze na fundi wako. Mwambie apumzike wiki mbili, na umlipe chochote asikasirike, kwa sababu bado utamhitaji. Mifuko ya saruji iweke pakavu, usiifungue. Mabati usiyarudishe dukani, nitayarudia mwishoni.

Swali la umiliki nalijibu haraka kwa kuwa ndilo linalowakosesha usingizi, ingawa si zito kuliko yote. Nyumba kutangazwa kuwa ya kuhifadhiwa hakuifanyi kuwa ya serikali. Mwenye nyumba anabaki mwenye nyumba. Kinachobadilika ni kwamba hawezi tena kuivunja, kuiongeza au kuigeuza bila idhini ya maandishi. Kwa Zanzibar sheria hii ni ya siku nyingi, mizizi yake iko katika dikrii, yaani amri ya sheria, ya 1927 ya kuhifadhi majengo ya kale. Wengi wanaichanganya na sheria ya Mji Mkongwe. Mamlaka ya Mji Mkongwe, iliyoanzishwa 1985, inasimamia eneo la mji wenyewe, ule ulioingia katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2000. Nyumba yako iko shamba, kwa hiyo unashughulika na watu wa makumbusho na mambo ya kale. Nenda ofisini kwao ukaombe kwa adabu kuona tangazo: nyumba imetajwa kwa jina gani, lini, na mpaka wake unaishia wapi. Hamamu imo? Kisima kimo? Neno la mdomo la mtu aliyekuja na pikipiki halitoshi, kwenu wala kwao.

Ndugu zako walioko Bara wasikuchanganye, maana kule mambo ni mengine. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalilinda jengo lolote lililojengwa kabla ya 1863, na hata mlango wa nakshi uliochongwa kabla ya 1940 una ulinzi wake. Kenya wana sheria yao ya makumbusho na urithi ya 2006. Usichukue jibu la Bagamoyo au la Lamu ukalipeleka Bububu.

Tuje sasa kwenye nyumba. Sikumbuki mara ngapi nimeitwa kutazama "nyumba inayoanguka" nikakuta nyumba isiyokuwa na nia ya kuanguka hata kidogo, ila ina kiu na haijapata mtu wa kuifahamu. Kwa hiyo nikueleze umerithi kitu gani.

Karafuu ilipoanza kutajirisha watu Unguja, mwenye uwezo alikuwa na nyumba mbili, ya mjini na ya shamba. Ya mjini huijui? Imejikunja, imewapa mgongo wapita njia, uso wake ni mlango wa nakshi tu, na maisha yote yako ndani kwenye behewa, yaani uwanja wa ndani. Ya shamba ilifanywa kinyume. Ilifunguliwa upande wa upepo na bahari, ikapewa ukumbi mrefu na roshani, na karibu kila mara ikawekwa penye maji. Mama wa nyumba hizo ni kasri ya Mtoni, iliyojengwa baada ya Sayyid Said, Sultani wa Oman na Zanzibar, kuzuru Unguja mwaka 1828. Hata jina lake ni la maji. Binti yake, Sayyida Salme, alizaliwa pale mwaka 1844, na katika kumbukumbu zake, zilizochapwa Ujerumani mwaka 1886, anakumbuka uwanja mpana wa ndani wenye tausi na paa wakizurura, safu ya mahamamu mwisho wa uwanja, na roshani kubwa ya mviringo iliyotazama bahari. Ukienda leo utakuta kuta na matao. Lakini tembea polepole ufuate mifereji, utaona kwamba maji ndiyo yaliyopanga nyumba, vyumba vikafuata.

Kidichi, juu ya mashamba ya viungo, imebaki hamamu ya mwaka 1850 aliyojengewa mke wa Kiajemi wa Sayyid Said, mjukuu wa Shah Fath Ali. Ndani mna kuba na nakshi za chokaa za maua na ndege, kazi ya mikono ya Kiajemi. Na Marhubi, kasri aliyoijenga Sultani Sayyid Barghash, mwana wa Sayyid Said, mwanzoni mwa miaka ya 1880, ni darasa zuri kuliko yote kwa mtu mwenye swali kama lako. Chini ilikuwa mawe, juu mbao nyingi. Moto wa 1899 ukala mbao zote. Zilizobaki ni nguzo nene za mawe na chokaa, zimesimama bila paa kwa zaidi ya miaka 120, masika kwa masika, na ndani yake hamna nondo hata moja. Mpeleke fundi wako pale kabla hajakugusia tena habari ya "kuitia nguvu". Marumaru ya hamamu iliibiwa na watu, hilo lisihesabiwe kuwa kosa la mvua.

Nyumba yenu, kwa maelezo yako, ni mtoto wa ukoo huo. Ukuta wa dhiraa si jiwe moja kutoka nje hadi ndani. Ni ngozi mbili na tumbo. Nje kuna mawe ya kuchimba ya matumbawe yaliyopangwa, ndani vilevile, na katikati wamejaza kokoto, vipande vya mawe, udongo mwekundu na chokaa. Jiwe la matumbawe lina vitundu vingi, linakunywa. Udongo unakunywa zaidi. Waashi wa zamani walilijua hilo na hawakujaribu kuuzuia ukuta usinywe. Waliuvika lipu ya chokaa, ambayo nayo inapitisha unyevu. Mvua ya masika ikipiga, ukuta unalowa kiasi, na kaskazi ikivuma unakauka. Mchana unatoa jasho lile lililoingia usiku. Mimi huwaambia wanafunzi wauone ukuta kama mtungi wa maji uliowekwa penye upepo: unavuja kidogo kidogo, na kwa sababu hiyohiyo unabaki baridi. Ndiyo maana chumba cha bibi kilikuwa kinakaliwa Februari bila feni.

Mvike mtungi huo koti la saruji uone. Saruji ni ngumu na imebana, haipitishi jasho. Lakini maji hayaachi kuingia. Yanapanda kutoka msingini, yanaingia juu kwenye ufa, yanaingia pembeni mwa dirisha. Yakishaingia hayana pa kutokea. Yanakaa tumboni, yanalainisha udongo, yanaiyeyusha chumvi iliyomo kwenye matumbawe na kuipandisha ukutani. Ukuta nao unacheza kidogo kwa joto na baridi, lakini koti halichezi, kwa hiyo linapasuka nyufa nyembamba kama nywele zinazonyonya maji zaidi. Miaka ya mwanzo nyumba inapendeza kweli, na hapo ndipo watu wanapodanganyika. Niliwahi kuitwa kwenye nyumba iliyopigwa lipu ya saruji miaka minne nyuma. Kwa macho ilikuwa safi, nyeupe, imenyooka. Tukafungua kidirisha kidogo chini ya dari, nikaingiza kijiko cha chai kwenye ncha ya boriti nikachota kama ninayechota ugali wa jana. Boriti tisa kati ya kumi na moja za chumba kile zilikuwa hivyo. Mwenye nyumba aliniuliza mchwa wametoka wapi. Mchwa waliitwa na unyevu.

Magadi unayoyaona chini ya ukuta wako ni chumvi iliyoletwa na maji, yakakauka yakaiacha. Usiyapake rangi ya mafuta. Yapige brashi kavu, uyazoe, uyatupe mbali. Yakirudi, jiulize maji yanatoka wapi. Nami nina shaka na ile hamamu ya nyuma. Nyumba za shamba zilikuwa na mifereji ya kuingiza maji na ya kuyatoa, na mfereji wa kutoa ukiziba kwa majani na udongo, mvua yote ya uwanja wa nyuma inageuka kuwa kinywaji cha msingi wako. Chimba pole kwa jembe dogo pembeni mwa hamamu, tafuta njia ya chokaa iliyolainishwa kama sahani. Ukiipata, isafishe, usiivunje. Huenda nusu ya maradhi ya nyumba ikaondoka kwa kazi ya siku tatu isiyohitaji mfuko hata mmoja wa kitu chochote. Na usikubali mtu yeyote achukue mawe ya hamamu kujengea banda.

Chokaa yenyewe nayo ina ufundi wake. Matumbawe na chokaa ni kitu kimoja kilichosafiri. Jiwe linachomwa, kwetu juu ya rundo la magogo lililopangwa mviringo na tundu la moto katikati, likifika joto la nyuzi 900 hivi linatoa hewa ya ukaa na kubaki chokaa kali. Chokaa hiyo inazimwa kwa maji, inachemka yenyewe, na hapo watoto wakae mbali na mafundi wavae miwani, kwa maana inaunguza jicho kabisa. Ikishazimwa huachwa ndani ya maji, na kadiri inavyokaa ndivyo inavyokuwa laini kama siagi. Ukiipiga ukutani inavuta tena hewa ya ukaa kutoka nje na kurudi polepole kuwa jiwe. Hii ndiyo sababu haina haraka, na ndiyo sababu mafundi wa siku hizi hawaipendi. Lipu ya chokaa hupigwa kwa tabaka nyembamba, tabaka moja linangoja lenzake siku kadhaa, na lote linafunikwa magunia mabichi lisikaushwe na jua. Sehemu moja ya chokaa kwa tatu za mchanga ni mwanzo mzuri. Mchanga uwe wa shimo au wa mto uliooshwa. Wa pwani una chumvi, na chumvi mnayo ya kutosha tayari.

Fundi atakwambia, "Basi nichanganye saruji kidogo tu ishike haraka." Mkatalie. Kidogo hicho huongezeka kila mwenye nyumba anapogeuza mgongo.

Sasa dari. Pima upana wa vyumba vyako: nadhani utapata mita mbili na nusu, au tatu ukibahatika. Mjenzi hakuwa na ubahili wa nafasi. Huo ndio urefu wa boriti ya mkoko inayobeba mzigo bila kulalamika, boriti zilizokuja kwa majahazi kutoka Rufiji na visiwa vya Lamu. Ndiyo maana vyumba vyetu vya zamani ni virefu na vyembamba, kuanzia Lamu hadi Kilwa. Juu ya boriti wakapanga mawe bapa, juu ya mawe wakamwaga chokaa na kokoto, kisha sakafu hiyo ikapigwa kwa vijiti siku nyingi, kwa nyimbo, mpaka ikawa kitu kimoja. Kazi ya kupiga sakafu ilikuwa ya watu wengi na ilikuwa na furaha yake. Hutaipata leo kwa bei ya jana.

Kuna hoja moja inayorudiwa sana na watu wa uhifadhi wenzangu ambayo siikubali. Wanasema zege lisiwekwe kwa kuwa ni zito. Hesabu haisemi hivyo. Zege la sentimita 15 lina kilo kama 360 kwa mita ya mraba, na sakafu ya zamani iliyoongezwa chokaa juu ya chokaa kila ikivuja inaweza kupita hapo kwa mbali. Tatizo la zege ni ukaidi. Boriti kila moja inakaa kwenye tundu lake na kucheza kivyake, lakini zege ni bamba moja. Jua la saa saba likilipiga linatanuka na kuusukuma ukuta nje, usiku linarudi lakini ukuta haurudi nalo wote. Ili kulikalisha, fundi atachonga mfereji kuzunguka ngozi ya ndani ya ukuta, yaani atakata ile ngozi inayobeba nyumba. Halafu kuna nondo. Kwa hewa ya chumvi ya pwani nondo inashika kutu, na kutu inataka nafasi kubwa kuliko chuma ilichokila, kwa hiyo zege linapasuliwa kutoka ndani. Jahazi la Rufiji lilileta kitu kinachooza kwa miaka mia na kubadilishwa kimoja kimoja. Zege linaharibika lote pamoja.

Kwa hiyo dari zisivunjwe. Toboa karibu na kila ncha ya boriti kwa bisibisi nyembamba. Inayogoma ni nzima. Inayoingia hadi mpini iandikie namba kwa chaki. Zilizooza zitolewe moja moja, chini kukiwa na nguzo za kushikilia, na mpya zipakwe dawa ya mchwa na kuachiwa nafasi ya hewa kwenye tundu, zisizibwe.

Jambo jingine la kutazama. Baada ya Mapinduzi ya 1964, mashamba yalipogawiwa eka tatu tatu, nyumba nyingi za mawe zilikaliwa na familia kadhaa. Huyu aliziba dirisha, yule alijenga ukuta wa matofali katikati ya ukumbi, mwingine alitoboa mlango penye zidaka (vishubaka vya ukutani). Siwalaumu, watu walihitaji pa kulala. Ukikuta ukuta wa namna hiyo kwenye nyumba ya bibi usikimbilie kuuvunja ukidhani unairudisha nyumba asili yake. Miaka hamsini unaweza kuwa umegeuka nguzo, boriti zimeinama zikaukalia. Juu ya kila ufa bandika kipande cha kioo kwa jasi, andika tarehe pembeni. Kioo kikipasuka kabla ya masika kuisha, niandikie siku hiyohiyo. Kikibaki kizima, ufa ni wa zamani na hauna haraka. Mti wa mtini pori ukiota ukutani ukate, usiung'oe, maana mzizi utatoka na mawe.

Utaniuliza karatasi ya hifadhi ina faida gani. Nitakwambia ukweli: peke yake, kidogo. Beit el Ajaib, kasri kubwa ya Mji Mkongwe ya mwaka 1883, ilikuwa na kila hifadhi inayotajika, ya Zanzibar na ya dunia, na tarehe 25 Desemba 2020 sehemu yake kubwa ikaporomoka wakati wa ukarabati, watu wawili wakafa. Karatasi haizibi paa. Lakini inakupa haki ya kuwauliza: mnanikataza saruji, basi nioneshe fundi wa chokaa, nipe mchoro, nipe msimamizi. Andika hayo kwenye barua ya kuomba idhini. Ambatanisha picha za kila chumba, na orodha ya boriti zako zenye namba za chaki. Barua yenye orodha hujibiwa upesi kuliko barua yenye malalamiko.

Na sasa mabati. Wengine watashangaa, lakini mimi nayapenda. Sakafu bapa la chokaa la juu ya nyumba lilikuja na mazoea ya nchi zenye mvua chache, na mvua za Unguja hazikuwahi kulihurumia. Mjini watu walianza zamani kuyafunika kwa mabati, na nyumba nyingi zilizosimama leo zimesimama kwa sababu hiyo. Ombeni idhini ya paa jepesi juu ya sakafu la zamani: kenchi za mbao zikalie ubao uliolazwa juu ya ukuta, si zege, pengo la hewa liachwe kati ya bati na sakafu, na bati litokeze nje ya ukuta dhiraa nzima. Maji yakusanywe kwa gata, yasiachiwe milizamu (vitoleo vya maji vya juu ya ukuta) ya zamani iliyoziba, na yapelekwe mbali na msingi, hatua kumi angalau. Paa la namna hiyo linaweza kuondolewa siku moja bila jiwe la ukuta kuumia, na watu wa mambo ya kale hukubali kirahisi kitu kinachoweza kuondolewa. Lifanyeni hilo kabla ya Machi. Lipu ingoje, ukuta ukae mkavu kaskazi nzima ndipo uvikwe.

Ile mifuko 60 haijapotea. Mnahitaji choo kipya na msingi wa tangi la maji ya paa. Vijengeni upande wa barabarani, mbali na nyumba, na fundi wako apate kazi yake aliyoizoea. Kila akitaka kuhamisha ndoo ya saruji kuileta upande wa nyumba, mtume kwanza Marhubi.

Niandikie ukishauona ule mfereji wa hamamu. Nataka kujua maji yalikuwa yanatokea upande gani.